Jicho la Kushoto na Hina ya Riziki

Ikiwa unasoma haya huku umevuta mtandio ukaficha nusu ya uso, basi nakujua ingawa hatujaonana. Mimi niliuvuta hivyo kutoka kaskazi hadi kusi, hata nilipokuwa peke yangu jikoni nikikuna nazi. Uso wangu ulikuwa unacheza wenyewe. Kope ya kushoto inaruka, kisha pembe ya mdomo inavutwa upande huohuo, kisha shavu zima linakunjika na kukunjuka, na mimi sikutaka lolote kati ya hayo. Bado unacheza. Lakini ule wakati mbaya umepita, na wako watu wa huku kwetu wenye shida kama yangu walionijia kuuliza nilifanya nini, ndiyo maana naandika. Mambo ya mishipa na ubongo sitayagusa, kwa kuwa niliyaambiwa nikiwa na hofu, yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Naitwa Mwanamisi, mkazi wa Mwabungo. Kazi yangu ni kupaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya maua. Nilifunzwa na mama yangu, Bi Mejumaa, ambaye sasa macho yake hayaoni vizuri na anaishi nami. Wakati huo nyumbani tulikuwa wanne: mama, mimi, mume wangu ambaye ni fundi mwashi, na binti yetu Riziki. Katika ukoo wetu mama ndiye humpaka bintiye hina ya harusi. Bibi alimpaka mama, mama akanipaka mimi, na mimi nilikuwa nangojea zamu yangu tangu Riziki akiwa mtoto wa kubebwa. Nimepaka mamia ya mikono ya watoto wa watu nikiufikiria mkono wake. Kwa hiyo uso ulipoanza kunichezea, sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba siku hiyo itakapofika, mkono wa mwanangu utashikwa na mtu mwengine.

Ulianza mwezi wa Rajabu, wakati harusi zinapofuatana kabla watu hawajafunga. Asubuhi moja nilikuwa namimina chai, kope ya chini ikaanza kuruka. Mama hakuiona, mimi ndiye niliyeitaja.

"Mama, jicho lanicheza."

Aliweka kikombe chini. "Lipi?"

"La kushoto."

"Subhanallah," akasema, na chai yake hakuimaliza.

Watu wa pwani wanajua aliogopa nini. Jicho la kulia likimcheza mtu, huambiwa ana furaha njiani. La kushoto, huambiwa atalia. Sikuwa naliamini sana jambo hilo, lakini sikuwa nalikataa pia, kama wengi wetu. Basi badala ya kwenda hospitali, tukakaa kusubiri msiba.

Nasema kweli, tulikaa kusubiri. Mama alichukua simu akawapigia jamaa wa Tiwi, wa Msambweni, wa Ramisi mpaka Vanga. "Nyote wazima? Hakuna alolala mgonjwa? Baba yenu yuwala vizuri?" Hakuwaambia sababu. Alipokata simu aliwaacha watu roho juu, nao wakaanza kupigiana wao kwa wao. Binamu yangu wa Ramisi alimpakia babake kwenye tuktuk akampeleka kupimwa presha kwa ajili ya simu ile.

Kisha ami yake mama wa Tiwi akafariki. Alikuwa mzee sana, ameugua muda mrefu, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa sisi. Tulikwenda kuzika, tukalia, na katikati ya kilio nilijipapasa kope nikitarajia imetulia, maana msiba ulikuwa umekuja na deni limelipwa. Siku ya khitma jicho lilikuwa bado linaruka, na pembe ya mdomo ilikuwa imejiunga nalo. Mama akasema, "Basi yuko mwengine."

Ndivyo majuma ya mwanzo yalivyopotea. Simu ililala chini ya mto wa mama, na neno ugonjwa halikutamkwa na mtu yeyote ndani ya nyumba.

Huku nje uso ulikuwa unaniharibia mambo. Muuza nyama mmoja wa Ukunda, mtu mzima mwenye ndevu zake, alianza kunikatia minofu mizuri na kuniambia "karibu tena, Bi Mwanamisi" kwa sauti laini. Sikuelewa mpaka siku mkewe alipokuwa dukani akanitazama kutoka juu hadi chini. Alidhani namkonyeza mumewe. Mume mwenyewe alidhani hivyohivyo, na nadhani alihuzunika nilipoacha kwenda. Hilo nalicheka sasa. Lililonitoa machozi ni la Galu, mwezi wa Shaabani.

Nilikuwa nampaka bibi harusi huko, msichana mpole. Unapompaka mtu hina mnakaa uso kwa uso kwa saa nyingi, magoti yamegusana, naye hana pa kutazama ila kwako. Nilijizuia. Nilikaza taya, nikabana jicho, na kadiri nilivyobana ndivyo nilivyohisi kitu kinajaa ndani ya shavu. Mwishowe kikafumuka. Uso ukaruka mara nyingi mfululizo, na mkono wenye koni ya hina ukaruka nao. Mstari ukakatiza kiganja cha bibi harusi. Sikusikia makelele. Nilimsikia mmoja wa mashangazi akimwambia mwenzake nyuma yangu, kwa upole kabisa, "Jicho la kushoto, juu ya mkono wa harusi." Niliumaliza mkono ule. Baada ya hapo Galu hawakuniita tena, na habari ikafika Diani na Ukunda kabla yangu.

Nyumbani mume wangu, Baba Riziki, alianza kula huku akitazama sahani. Si mtu mbaya. Alikuwa haoni raha kunitazama na hakujua aseme nini, basi akasema lile ambalo kila mtu husema.

"Hebu jizuie kidogo, Mama Riziki. Wageni wakija tu."

Nikajizuia wageni wakija. Wakiondoka nilikimbilia jikoni nikafunga mlango, na uso ulifanya fujo mpaka shavu likauma kama lililopigwa kofi. Riziki alinikuta humo siku moja. Alichukua mbuzi akaketi kukuna nazi ambayo hatukuihitaji, ili mtu akiuliza tunafanya nini aseme tunapika.

Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali, siku chache kabla ya Ramadhani. Kama kuna jambo moja nitakalokusihi katika maandishi haya yote, ni hili: uso ukianza kufanya usilolielewa, nenda hospitali kwanza, wala usingoje mtu afe. Na ukiona upande mmoja umelegea au umeanguka, kimbia siku hiyohiyo. Hayo mengine yote nitakayoyataja yafuate baadaye.

Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Kulikuwa na mkata miwa wa Ramisi mwenye mkono uliofungwa kitambaa, wanawake wajawazito, na mzee aliyekohoa akiomba radhi kila mara. Mimi nilikuwa mwisho wa benchi, upande wangu wa kushoto umeelekea njia ya watu, na kila aliyepita aligeuza shingo. Mama mmoja nisiyemjua, aliyekaa kuliani kwangu, aliinuka, akazunguka, akajibana kushotoni kwangu akawa pazia. Tulikaa hivyo mpaka nilipoitwa. Sikumuuliza jina, na kila nikimkumbuka namwombea dua.

Daktari, binti mdogo tu, aliniambia nitabasamu, ninyanyue nyusi, nijaze hewa mashavuni, nifumbe macho kwa nguvu. Akasema si kiharusi, si sumu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni misuli inayojiendea. Huenda ikaondoka yenyewe, huenda ikakaa, na hofu na uchovu huizidisha. Alinipa vidonge vya kujaribu. Vidonge vile vilinilaza mchana kutwa, nikawa nasahau chumvi kwenye mchuzi na kuzungumza kama mtu aliyeamshwa sasa hivi. Niliporudi aliviondoa. Nikamuuliza, sasa dawa yake ni nini? Akasema tutazidi kuangalia. Mtu mwenye hofu haliwezi jibu kama lile, na mimi nikaanza kutafuta pengine.

Ramadhani niliitumia kwa kombe. Maalim wa mtaani kwetu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha kwa maji ya waridi, nami nikanywa kila nilipofuturu. Nilimwendea nimejitanda, nikaona aibu kuuonesha uso, akaniambia niufunue kwani yeye ni mtu mzima aliyeona mengi.

"Hospitali umekwenda?" aliniuliza.

"Nimekwenda, Maalim."

"Vyema. Mimi naandika tu, shifaa ni ya Mwenyezi Mungu. Na ukiambiwa urudi, urudi."

Kombe halikuutuliza uso. Lilinituliza mimi, na tofauti hiyo niliielewa baadaye sana. Mwezi ule nililala baada ya daku bila ya kuweweseka, na nilimaliza kisomo changu.

Idd ilipopita, posa ya Riziki ikaja. Kijana ni Bakari wa Msambweni, mtu wa adabu, na binti yangu alikuwa radhi. Ningepaswa kufurahi tu. Lakini pamoja na wazee alikuja shangazi yake Bakari, Bi Zuhura, mwanamke mwenye sauti ya chini na macho yasiyoacha kitu. Nilitoka kuwasalimu nimebana uso mpaka kichwa kikauma.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Jicho lakuuma?"

"Vumbi tu," nikasema.

"Pole. Vumbi la huku kwenu ni jingi," akasema, na mvua ya masika ilikuwa inanyesha nje.

Harusi ikawekwa mfungo saba, yaani mwezi wa saba baada ya Ramadhani, maulidi yakishapita, kusi likishapoa. Kuanzia siku hiyo sikuwa na amani. Kila nilipoamka nilienda kwenye kioo kabla ya kunawa. Nilijiambia, lazima uso huu upone kabla ya siku ya hina, lazima, na nadhani uso ulikuwa unanisikia, kwani ulizidi.

Masika nilipigwa chuku. Siku hizi wanaiita hijama na wana vikombe vya plastiki badala ya pembe, lakini ni kitu kilekile. Mgongoni na mabegani ilinipa nafuu, shingo ilikuwa imekaza kama mbao na ililegea. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini nilikuwa na haraka, na mpiga chuku alikuwa na shauku, tukakubaliana aweke vikombe vidogo kwenye shavu na kipaji. Nilitoka pale na miduara ya rangi ya zambarau usoni, na shavu likaruka vilevile, na miduara ikaruka nalo. Baba Riziki aliporudi kazini alisimama mlangoni akiwa na mwiko wa kujengea mkononi.

"Nani kakupiga?"

"Nimejipiga kwa hiari yangu," nikamwambia.

Aliketi chini akacheka mpaka akashika ubavu. Nilikasirika, kisha nami nikacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akinitazama usoni tangu Shaabani. Baada ya hapo alikuwa akinipaka mafuta ya habasoda shavuni akitoka kuswali Isha, kwa vidole vyake vyenye sugu za saruji. Mafuta sijui yalifanya nini. Vidole nilivipenda.

Kusi lilipoingia mama akanichemshia majani ya mkilifi, yaani mwarobaini, na mchaichai, nikafunikwa kwa leso mbili juu ya nyungu nikafukizwa. Jasho lilinitoka, nikahisi mwepesi, na kwa saa nzima uso ulitulia. Nikafurahi nikarudia kila siku, mpaka ngozi ikababuka na Riziki akaificha nyungu. Kisha kuna mwanamke mmoja Diani anayechoma sindano za Kichina. Chumba chake kilikuwa na baridi na muziki wa maji yanayotiririka, na nililala na sindano usoni nikiogopa kupumua. Nilitoka nimepumzika. Kesho yake uso ukarudi kazini. Mwanamke yule hakunidanganya, aliniambia hawezi kuahidi lolote, ila mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kwake nimeshajiahidi mwenyewe.

Mfungo sita ulipoandama nilirudi kwa yule daktari, nimekonda, kwa kuwa sikuwa nakula mbele za watu. Safari hii alinipeleka kwa kijana wa tiba ya mazoezi, mtu wa bara, jina lake Kyalo. Chumba chake kina kioo kikubwa. Nilipokiona nilitaka kugeuka nirudi. Aliniketisha mbele ya kioo, tukautazama uso wangu ukicheza, yeye akitazama kama mtu anayetazama mvua kibarazani.

"Mama, kabla haijakuja, unasikia nini hapo kwa uso?" aliniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri. Nikamwambia nasikia mwasho usio mwasho, kitu kinachoita chini ya jicho, na nikikikatalia kinajaa.

"Basi usikikatalie. Na usikikubali pia. Kikiita, toa pumzi pole pole kwa pua, funga macho taratibu, wacha taya ianguke. Kaa hapo mpaka kipite. Kikishinda, wacha kishinde, endelea na kazi yako."

"Kitapona?"

"Sijui, mama. Lakini hautakuwa unapigana nacho siku nzima."

Nilitamani aseme kitapona. Nilimchukia kidogo kwa kutosema, nikarudi nyumbani nikafanya alivyoniambia kwa sababu sikuwa na jingine. Nilijizoeza asubuhi, mbele ya kioo, kisha wakati wa kupika, kisha nikichora maua kwenye karatasi. Aliniambia pia nipunguze kahawa na nilale mapema, na kahawa niliililia kuliko nilivyomlilia ami ya mama. Pole pole vipindi vya utulivu vikaongezeka. Kuna siku shavu lilicheza mara chache tu mpaka Adhuhuri. Kuna siku lilirudi kama mwanzo, na siku hizo nilikaa kitandani nikilia kwa hofu, kwa sababu mfungo saba ulikuwa unakuja.

Jambo la mwisho aliloniambia Kyalo ndilo gumu kuliko vikombe na sindano. "Waambie watu. Ukificha, unabana. Ukibana, inazidi." Nilimwambia hawajui watu wa kwetu. Akasema ni kweli hawajui, lakini uso wangu anaujua.

Siku kumi hivi kabla ya harusi Bi Zuhura alikuja na halwa. Tulikaa ukumbini, yeye, mimi, mama na Riziki. Alisifu mapazia, akauliza hali za wote, kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Tumefikiri, mwanangu, wewe una kazi nyingi za mama wa harusi. Tumekutafutia mpakaji hina wa Mombasa, hodari sana. Upate kupumzika."

Hakuna adabu inayokata kama ile. Nilihisi shavu linajaa, na karibu nibane. Badala yake nikatoa pumzi, nikafumba macho, nikaiacha taya ianguke. Kile kitu hakikupita. Uso ukacheza mbele yake, jicho na mdomo na shavu, mpaka ukamaliza. Nikavuta mtandio nikauteremsha mabegani.

"Bi Zuhura, siku ile nilikwambia ni vumbi. Si vumbi. Ni ugonjwa wa misuli, nimekwenda hospitali. Siwezi kuuzuia. Mikono yangu ni mizima na binti yangu nataka kumpaka mwenyewe."

Alinitazama. "Mimi sina neno, mwanangu. Lakini wajua watu watasema nini. Jicho la kushoto, siku ya hina."

Hapo mama yangu, ambaye nilidhani anasinzia, akajikohoza.

"Mwenzangu, hayo nisikize mimi. Jicho hili lilipoanza, mimi ndiye nilokaa kungoja msiba. Nimengoja tangu Rajabu. Lacheza mchana, lacheza usiku. Lau lingekuwa latabiri, Kwale nzima ingekuwa imezikwa, na wewe halwa ungemletea nani?"

Nilimwogopea mama kwa maneno yale. Bi Zuhura alikaza midomo, mabega yakamtikisika, akageuza uso akacheka kwa pua. Lakini hakusema ndiyo. Alisema, "Basi na wa Mombasa atakuja aketi tu. Ikihitajika." Na hilo alilishikilia.

Siku ya hina, baada ya Adhuhuri, chumba kilijaa wanawake. Nilikuwa sijala. Mpakaji hina wa Mombasa alikaa ukutani na koni zake ndani ya kikapu, mwanamke mzuri tu ambaye hakuwa amenikosea lolote, na kila nilipoinua macho nilimwona. Bi Zuhura alikaa karibu na mlango. Riziki aliketi juu ya mkeka, nyuma yake mito, akaninyooshea mkono wa kulia, na mkono ule ulikuwa baridi kama wangu.

Nilianzia kifundo cha mkono. Kile kitu kilipoita chini ya jicho, niliinua koni juu ya ngozi, nikatoa pumzi kwa pua, nikafumba macho. Mara nyengine kilipita. Mara nyengine kilishinda, na uso ukacheza mbele ya wote, nami nikangoja umalize na nikashuka tena. Mwanzoni kila nilipoinua koni chumba kilinyamaza. Nilizisikia bangili za watu zikiacha kulia. Jasho lilinitiririka mgongoni, na nilikuwa na hakika kwamba safari inayofuata mkono utaruka kama Galu, mbele ya Bi Zuhura, kwenye kiganja cha mwanangu, na yule wa Mombasa atainuka. Kwenye kidole cha shahada uliruka kweli, mstari ukatoka nje. Nilichukua pamba nikaufuta, ikabaki alama. Nikamwangalia Riziki. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Endelea, mama, hatuna haraka." Mtu akaanzisha wimbo, wengine wakapokea, na sijui tangu lini hawakunyamaza tena nilipoinua koni.

Sitakudanganya kwamba uso ulitulia siku ile. Ulicheza kuliko juma zima. Kama unangoja nikwambie dawa ipi iliniponya, sina. Chuku ililegeza shingo, kombe likanilaza, mafuta yakanirudishia mume, na Kyalo akanifunza kuinua koni. Kupona sijapona, na kila harusi ninayoitwa bado naamka na hofu. Naitwa, hata hivyo. Galu pia wameita.

Nilimaliza miguu jua likiwa limeinama. Hina ikiwa mbichi bibi harusi hawezi kushika kitu, hulishwa. Wanawake walitoka uani kula, yule wa Mombasa alifunga kikapu chake, akanipa mkono, akawafuata. Tukabaki sisi wawili, na Bi Zuhura mlangoni akivaa viatu vyake pole pole. Nilimega chapati nikamtilia Riziki mdomoni. Alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani, vidole vimetanuka, asiguse kitu. Nilimtazama na yale yote niliyokuwa nimeyazuia tangu Rajabu yakanijia kwa pamoja, nikaanza kulia, na shavu likaanza kuruka bila ya kituo, na kwa mazoea nikageuza uso asiuone.

"Mama," akasema.

Hakuweza kunishika. Akainama, mikono yake bado iko juu, akaweka shavu lake juu ya shavu langu la kushoto. Likaendelea kuruka, na yeye hakujitoa.